Gitaa ni la Nani?

Vijana wanaoanzisha bendi hapa Songea hunijia mara kwa mara na maswali matatu: namna ya kupiga jukwaani, namna ya kurekodi, na namna ya kukaa pamoja. Hawaniulizi kwa sababu ya ufundi wangu. Nilipiga gitaa la besi kwa miaka miwili tu nilipokuwa chuo cha ualimu, na vidole vyangu havikuacha sifa yoyote. Lakini baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, nilishika daftari la fedha la bendi moja ya mjini kwa muda mrefu kuliko nilivyoshika gitaa, na yapo mambo ambayo mpiga solo hayaoni lakini mweka hazina huyaona. Maswali mawili ya kwanza yana majibu. Hilo la tatu ndilo limezika bendi nyingi katika nchi hii, nami kabla sijalijibu humwuliza kijana swali langu: gitaa ni la nani?

Wengi hucheka. Hudhani Mwalimu amezeeka, ameulizwa habari za muziki naye anauliza habari za mali. Lakini ukiifuata historia ya dansi la Tanzania hatua kwa hatua, utaona kwamba swali hilo ndilo lililoamua bendi ipi iishi na ipi ife, hata kuliko sauti za waimbaji.

Huku kwetu jambo hili lilianza kabla ya magitaa. Wazee wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Liuli hadi Mbamba Bay, walicheza mganda, na mganda ni ndugu wa beni. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi na matarumbeta, kisha askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaisambaza bara. Watu wa ziwani hawakuwa na matarumbeta, basi wakatengeneza vibuyu vyenye utando vinavyolia kama zumari, wakaongeza ngoma kubwa, wakavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu na kupanga mistari kama askari wa gwaride. Kilichonivutia siku zote ni vyeo vyao. Kulikuwa na kingi, meja, dokta na katibu, na aghalabu kikundi kilikuwa cha kijiji kizima. Watu wa mjini huvicheka vyeo hivyo. Mimi sicheki. Mwenye cheo alijua wajibu wake, michango ilikusanywa, na mwenzao akiugua au kufiwa vyama vya namna hii vilimsaidia. Ngoma haikuwa ya mpigaji. Mpigaji alikufa, ngoma ikabaki, akashika mwingine.

Bendi za kwanza za dansi mijini zilifuata utaratibu wa namna hiyo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baadaye Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, na nyingine nyingi. (Neno jazz lisikupotoshe, ndugu msomaji. Muziki wenyewe aghalabu ulikuwa rumba iliyofika kwa santuri kutoka Cuba, ikatiwa ladha ya ngoma zetu.) Bendi hizo nyingi zilikuwa vyama hasa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wanachama na ada. Wapigaji walikuwa makarani, mafundi na wafanyakazi wa mchana. Hawakutegemea dansi kwa ugali wao, na kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa wa heshima zaidi kuliko wa tumbo.

Njia ya pili ilikuwa ya mtu mmoja kuibeba bendi mabegani. Morogoro inatupa mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba mwaka 1948, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1965 akiwa katika kilele cha sifa zake. Watu walidhani bendi imekwisha. Haikuisha, Juma Kilaza akaichukua na kuiendesha, na kwa miaka kadhaa baadaye Cuban Marimba iliendelea kuwa jina kubwa. Mfano wa pili ni Mbaraka Mwinshehe, ambaye sina haja ya kumsifu kwa Mtanzania wa umri wangu. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, mwaka 1970 akaenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa, na mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Morogoro Jazz haikupata tena mtu wa kuziba pengo lile. Januari 1979 Mbaraka naye alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, na Super Volcano bila yeye haikuwa tena Super Volcano. Bendi hizo zote mbili zilitegemea kidole kimoja. Cuban Marimba ilikuwa na Kilaza aliyezijua nyimbo na desturi za bendi, naye alikuwa tayari wakati msiba ulipofika. Kwa hiyo huwa nawauliza vijana: mwimbaji wenu akihamia Dar es Salaam kesho kutwa, nani ataimba Jumamosi?

Njia ya tatu ndiyo iliyotawala ujana wangu. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashirika na vyombo vya umma vilinunua vyombo vya muziki na kuajiri wapigaji. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964. Vijana wa TANU walikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na bendi yake, na polisi, magereza na jeshi hali kadhalika. Mwanamuziki akawa mfanyakazi mwenye mshahara. Tusiubeze utaratibu huu kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wa siku hizi. Mtu aliyelala njaa katika miaka ya 1950 sasa alikuwa na mwisho wa mwezi. Lakini gitaa lilikuwa la shirika, jina la bendi la shirika, na shirika likiyumba, bendi huyumba nalo. Mashirika yalipobinafsishwa au kufungwa, bendi kadhaa za aina hiyo zilinyamaza bila kufanya kosa lolote la muziki.

Hata hivyo mashirika yalileta jambo moja ambalo nadhani halijaelezwa vya kutosha. Kwa kuwa vyombo havikuwa vya mwanamuziki, mwanamuziki aliweza kuhama bila kubomoa nyumba. Muhidin Maalim Gurumo alikuwamo NUTA Jazz tangu mwanzo. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakahama, wakaanzisha Mlimani Park chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park, ile Sikinde tunayoijua. Mwaka 1985 Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakahama tena, wakaenda Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Baadaye Gurumo akarudi alikoanzia. Hassan Bitchuka naye alihama na kurudi. Mtu wa nje angesema hii ni vurugu. Lakini tazama: NUTA ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, na Sikinde ikasimama tena chini ya watu kama Michael Enoch, ambaye alijua kupiga karibu kila chombo na kumfundisha mwingine. Bendi hizo mbili ziliendelea kuvutana mashabiki kwa miaka mingi, ilhali Safari Sound, yenye waimbaji hodari na mwenye mali mmoja, haikudumu hivyo.

Siri yao ilikuwa mtindo. Msondo ni mtindo, Sikinde ni mtindo. Kijana aliyeingia alifundishwa namna magitaa yanavyopishana, mahali tarumbeta zinapoingia, wimbo unavyoanza taratibu kwa maneno na kuishia kwenye chemko la kuchezesha watu. Alijiunga na kitu kilichokuwapo kabla yake. Bendi zetu za vijana leo mara nyingi zina wimbo mmoja mzuri lakini hazina mtindo, na siku mwenye wimbo akiondoka, wanaobaki hutazamana.

Sasa niseme habari za bendi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa baadhi ya wahusika wangali hai na tunasalimiana sokoni. Ilikuwa miaka ya 1980, wakati barabara ya lami ya Makambako ilipokuwa imefika na mjini kulikuwa na uhai mpya. Vijana sita, walimu wawili miongoni mwao, walipiga vizuri kiasi cha kujaza ukumbi kila mwisho wa mwezi. Mfanyabiashara mmoja akawaletea amplifaya mbili, magitaa matatu na dramu. Makubaliano yalifanywa kwa mdomo chini ya mwembe: nusu ya kiingilio ni yake mpaka gharama zirudi. Mimi niliitwa baadaye kuandika mapato, na nilipouliza gharama zenyewe ni kiasi gani, kila mtu alitaja kiasi chake. Niliandika kila senti iliyoingia. Kwa hesabu ya daftari langu, baada ya miaka miwili na miezi kadhaa vijana walikuwa wamelipa vya kutosha kwa kiasi chochote kati ya vile vilivyotajwa. Mwenye mali alisema zile zilikuwa fedha za kukodisha tu. Mkesha wa Krismasi, watu wakiwa wamekwisha kulipa mlangoni, gari aina ya pick-up likaja nyuma ya ukumbi na vyombo vikapakiwa. Mpiga ridhimu alishika nyaya akilia. Bendi ilikufa usiku ule. Daftari lilikuwa safi, lakini halikuwa mkataba. Lilionyesha kilicholipwa, halikuonyesha kilichonunuliwa.

Kwa sababu hiyo sipendi kusikia kwamba wasanii hawahitaji makaratasi. Ukurasa mmoja unatosha: vyombo hivi ni vya nani, vimetolewa kwa masharti gani, vitakuwa vya nani baada ya malipo gani. Waandike pia jina la bendi ni la nani. Katika nchi yetu mwenye vyombo ndiye mara nyingi aliyekuwa mwenye jina. Hata Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo, ingawa watu wa hapa hupenda kuamini ni kijiji chetu cha Matimila. Remmy alikuwa nyota, lakini jina lililokuwa kwenye bango halikuwa lake peke yake.

Jambo jingine linaloua bendi ni dharau kwa anayekaa nyuma. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, baada ya kupiga Arusha, walihamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaunda Simba Wanyika, bendi iliyopendwa Nairobi nzima. Mwaka 1978 wakaondoka mpiga ridhimu Omar Shabani, mpiga besi Tom Malanga na mpiga dramu Rashid Juma. Hakuna jina kubwa hapo kwa mshabiki wa kawaida. Lakini hao ndio waliokuwa sakafu ya nyumba, na mahali walipokwenda pakaota bendi ya Les Wanyika, ambayo wimbo wake “Sina Makosa” unapigwa mpaka leo katika harusi za Afrika Mashariki. Simba Wanyika ilijijenga upya, lakini tangu siku hiyo ilikuwa na mshindani aliyetoka tumboni mwake. Mpiga ridhimu wenu analipwa kiasi gani ukilinganisha na mwimbaji? Kama hamlijui jibu bila kuulizana, hapo pana ufa.

Kuhusu kurekodi, vijana hawaamini ninapowaeleza ilivyokuwa. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa mlango mkubwa kwa bendi za nchi hii. Bendi nzima iliingia pamoja, vipaza sauti vichache, wimbo ukapigwa mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza. Kiwanda cha kuchapa santuri nchini hakikuwapo, kwa hiyo santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 mlango huo nao ukawa taabu. Kwa ufupi, bendi haikwenda studio kutafuta wimbo. Ilikwenda na wimbo uliokwisha kupigwa ukumbini wiki kwa wiki, watu wakiucheza, sehemu zilizowachosha zikikatwa na zile zilizowainua zikirefushwa. Ndiyo maana nyimbo hizo za dakika sita au saba hazichoshi. Wacheza dansi walikuwa wahariri wake.

Leo studio iko chumbani. Kijana wa Lizaboni au Mfaranyaki anaweza kurekodi kwa kompyuta moja, kila mtu akiingiza sauti yake kwa wakati wake, na kosa likafutwa. Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na bendi inayokutana kwa mara ya kwanza ndani ya faili. Wapige wimbo mbele ya watu angalau mara kumi, hata kama ni kwenye kipaimara au mahafali ya shule, kisha warekodi wakiwa pamoja kadiri inavyowezekana, ngoma na besi na ridhimu kwa pigo moja, sauti zifuate. Tena waandike siku hiyohiyo nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, nani amepiga nini. Kanda za Radio Tanzania zimehifadhi sauti za watu wengi ambao majina yao msikilizaji hayajui, na malipo yao yalikuwa ya mara moja, madogo. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mtunzi ana mahali pa kusimama, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu asiyeweza kuonyesha kwamba wimbo ni wake.

Na jukwaani? Hapa nitasema machache, kwani kila ukumbi una mwalimu wake. Usianze na wimbo wako mkubwa. Dansi la zamani lilianza saa tatu usiku kwa nyimbo za taratibu watu wakiingia na kuagiza vinywaji, likachemka saa tano na kuendelea. Msishindane kwa kelele. Mtu akishindwa kuzungumza na mkewe mezani, mwezi ujao hatakuja naye. Na ijueni kalenda ya mkoa wenu. Fedha za kahawa ziko Mbinga baada ya mavuno, fedha za tumbaku ziko Namtumbo wakati wa mauzo. Kwenda vijijini katikati ya masika kutafuta kiingilio ni kumsumbua mkulima aliye na deni la mbolea. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilizofanya ziara mikoani zililijua jambo hili kuliko sisi wenyeji.

Narudi kwenye fedha, kwa kuwa ndipo wengi hawapendi kukaa. Huko Kinshasa, Franco alikuwa na OK Jazz tangu 1956 hadi alipofariki Oktoba 1989. Bendi ile kubwa, mashuhuri Afrika nzima, ilibaki miaka michache tu. Wanamuziki na familia ya marehemu wakashindwa kuafikiana juu ya mgawo wa mapato, na mwaka 1994 wengi wao, wakiwa na Lutumba Simaro, wakawa wameunda Bana OK. Miaka zaidi ya 30 ya kazi, na hapakuwa na makubaliano ambayo pande zote mbili zingeyakubali siku baba alipoondoka. Kama jambo hilo liliwashinda wao wenye santuri zisizohesabika, halitakuwa jepesi kwa bendi yenye spika mbili za mkopo.

Gurumo alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Taifa zima lilimjua kwa sauti, na hakuwa na gari. Gari alipewa na Diamond Platnumz, kijana wa bongo fleva ambaye hata hakuwa wa dansi. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, Gurumo akafariki. Nilifurahi kwa ile zawadi, na wakati huohuo nilishindwa kuifurahia, maana ilikuwa sadaka ya mtu mmoja mwema mahali ambapo palipaswa kuwa na haki. Nyimbo zile zilichezwa redioni na kwenye baa kila siku kwa miaka 40.

Kwa hiyo bendi inayotaka msaada wangu hunikuta na sharti. Kabla ya kugawana mapato ya mlangoni, fungu litengwe: sehemu ya vyombo, sehemu ya maradhi na misiba, kama watu wa mganda walivyofanya. Kinachobaki kigawanywe usiku uleule, mbele ya wote, kwa kiwango kilichoandikwa. Anayehama achukue alichowekeza kwa mujibu wa karatasi, aagwe kwa heshima, na mlango uachwe wazi, kwani Gurumo na Bitchuka walirudi. Mazoezi yawe siku maalumu hata kama hakuna dansi, na mgeni mmoja mwenye kipaji aruhusiwe kukaa pembeni na kujifunza. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa sahihi tatu, na mmoja wa hao watatu asiwe mwimbaji.